Maji ya kunywa unanunua, ya puani je?

Mpwa wangu,

Mama yako kanisomea ujumbe wako. Umesikia habari za amiba mla ubongo, kijidudu cha majini kisichoonekana kwa macho, hapo Karachi, Pakistan, basi umeacha maji ya bomba, unakunywa ya chupa. Endelea, homa ya matumbo nayo ipo. Ila huyo amiba, Naegleria fowleri, ukimmeza hakudhuru. Mlango wake ni pua. Maji yakipanda juu kabisa, anafuata neva ya kunusia, anapenya mfupa wenye vitundu kama chujio na kuingia ubongoni.

Nawe kila siku unatia udhu, unapandisha puani maji yaleyale ya bomba!

Kwingine wengi humpata wakiogelea kwenye maziwa yenye maji ya moto. Karachi wagonjwa wengi hawakuwa wameogelea popote, ndipo madaktari wakaushuku udhu. Lakini si mambo ya Waislamu peke yao: mwaka 2011 watu wawili walikufa jimbo la Louisiana, Marekani, baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba. Amiba huyu anapenda joto, hustawi hadi nyuzi 46, na kinachomuua ni klorini ya kutosha. Tangi la juu ya paa, jua la mwezi wa sita, klorini imeshapotea njiani... unaona mwenyewe.

Sikwambii uache sunna. Sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, kupandisha maji puani ni sunna, na Mtume ametuhimiza tuyapandishe sana isipokuwa tukiwa tumefunga. Kwa hiyo kupandisha kidogo kuna nafasi yake tangu zamani. Wanazuoni wa hapo waulize zaidi. Mimi nakushauri hivi: chemsha maji, yatokote dakika moja nzima, yapoe, yatie kwenye birika lenye mfuniko. Hayo ndiyo ya pua. Mikono na miguu tumia ya bomba.

Ukiumwa kichwa vibaya, homa, kutapika, shingo kukakamaa, usingoje kesho. Dalili hufanana na za homa ya uti wa mgongo ya bakteria, kwa hiyo mwambie daktari mwenyewe kwamba maji yalikuingia puani. Zaidi ya 97 katika kila wagonjwa 100 hufa. Msichana mmoja wa Arkansas alipona mwaka 2013; aliwahishwa, akapewa, pamoja na dawa nyingine, miltefosini, dawa ya ugonjwa wa kala-azar.

Na hilo tangi la bwenini, uliza lilisafishwa lini.

Mjomba wako