Tuwaache besi dume walinde viota vyao

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wanaoshuka mito ya Amerika Kaskazini kwa mtumbwi wakivua samaki aitwaye besi wa mdomo mdogo. Wengi hutupa chambo katikati ya mkondo mkali, ilhali samaki huyu hujibanza nyuma ya jiwe, pale maji ya kasi yanapopakana na yaliyotulia, akingoja kamba wa maji baridi waletwe na mkondo.

Linalonisikitisha hasa ni uvuvi wa majira ya kuchipua. Maji yakifikia nyuzijoto 15 hivi za Selsiasi, dume huchimba kiota kwenye changarawe na kuyalinda mayai peke yake; akiondolewa, hata kwa dakika chache, samaki wengine huyavamia na kuyala. Tafadhali, mkiona kiota, piteni.

Na jaketi la kuokolea maisha livaliwe kabla ya kuyafikia maporomoko.

Msomaji wenu