Mwanangu, kabla hujaomba kuhamia Yale

Mamangu,

Asalaam aleikum. Huku Kisauni sote tuwazima. Magoti ya nyanya yako yamepoa kidogo, na anakuulizia kila siku. Ujumbe wako tuliusoma pamoja na baba yako, tukaafikiana nikuandikie kwa kituo badala ya kujibizana kwenye simu. Unataka kuhama chuo uende Yale, Marekani. Tuko nawe. Lakini ile sentensi yako kwamba hapo chuoni Kilifi unahesabu siku tu uondoke, hiyo imenikosesha usingizi.

Yale hupokea maombi ya uhamisho zaidi ya 1,000 kwa mwaka, na nafasi zenyewe ni kati ya 20 na 30. Wenye alama nzuri humo wamejaa tele. Wataangalia KCSE yako, mtihani wa kidato cha nne, ndiyo, lakini watakachokisoma kwa makini ni namna unavyosoma hapo ulipo sasa, na wanaokufundisha wanasema nini juu yako. Mtu aliyekwisha kuondoka moyoni, mhadhiri atamwandikia nini?

Hili nalijua kwa kazi yangu. Kila mwaka naandikia wanafunzi wa kidato cha nne barua za namna hii. Yule niliyemjua kwa rejista tu, barua yake haifiki nusu ukurasa: ana nidhamu, ana bidii, basi. Yule aliyekuwa akinifuata hadi chumba cha walimu na swali lililomshinda, kalamu huenda yenyewe. Kwa hiyo anza sasa. Chagua wahadhiri wawili, wapelekee kazi yako kabla ya kuwapelekea ombi lako, uliza, rudi tena uulize.

Na kazi unayo. Unakumbuka likizo iliyopita ulivyokuwa ukirudi kutoka Mikindani na tope hadi magotini, daftari limefungwa kwenye mfuko wa nailoni? Ulinionyesha ukurasa ambapo miche ya mkoko iliyopandwa mbele, karibu na maji, yote umeikata kwa mstari, imekufa, na ile ya nyuma yake imeshika. Ukanieleza kwamba pale mbele ni mahali pa mlilana, mti mwingine wa jamii hiyo ya ufukweni, ndio unaostahimili kupigwa na mawimbi, na kwamba watu hupanda mkoko kila mahali kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota na kuchomeka. Nilikusikiliza nikasema moyoni, huyu ana jambo lake. Insha uliyonitumia haina hata neno moja la hayo. Ina maktaba kubwa, ina jina kubwa la chuo. Wao jina lao wanalijua. Waeleze swali la ile miche, umelifikisha wapi, na ni somo gani au maabara gani unayoihitaji ambayo hapa hujaipata. Usikiseme vibaya chuo chako. Ndicho kilichokufunza kutofautisha miti hiyo ya ufukweni, mchu na mkandaa.

Jambo jingine, tafadhali usilipuuze. Kwetu chuoni 70 ni A. Kwa Mmarekani, 70 mara nyingi ni C. Ukipeleka matokeo yenye 72 na 74 bila maelezo, asiyejua atadhani umepita kwa taabu. Muombe msajili nakala rasmi iliyochapishwa na maelezo ya madaraja, tena muombe mapema, maana mwisho wa kutuma ni tarehe 1 Machi na matokeo ya muhula yana kawaida ya kuchelewa.

Ujue pia kwamba masomo uliyofaulu yatapitiwa moja moja, na si lazima yote yakubaliwe. Wanataka uwe na angalau mwaka mzima unaohesabika, na ukiingia usome kwao miaka miwili au zaidi. Unaweza kujikuta umerudi nyuma mwaka. Mimi na baba yako hilo tumelikubali.

Kuhusu pesa, usiogope kuuliza wala usikisie. Vipo vyuo vinavyosoma maombi bila kuangalia mfuko wa mzazi, hata kwa wageni, lakini vingine huwafanyia hivyo wanaoanza mwaka wa kwanza tu. Kila chuo utakachoongeza kwenye orodha yako, soma masharti ya wanaohama, usisome ya wengine. Fomu ya msaada itataka mapato yetu yote. Baba yako ameshaanza kutoa hati zake za mshahara na karatasi za kodi za KRA, na zangu nazikusanya.

Muhula ujao jiandikishe masomo yote, na lile la takwimu usilolipenda. Bila takwimu hutaweza kumwonyesha mtu kwamba ile miche haikufa kwa bahati mbaya.

Jumamosi ukija, njoo na majina ya wahadhiri wawili na insha mpya, hata kama ni ukurasa mmoja. Nitakupikia mahamri na mbaazi, tukae tuisome.

Mamako