Chakula nacho kiingie kwenye mada ya usiku wa tuzo

Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Mimi ni mpishi wa shughuli hapa Dar, nilianza na maulidi na harusi za mtaani Magomeni, siku hizi naitwa hadi kwenye usiku wa tuzo, na hizi za tuzo ndo zimenifanya niandike.

Mwaka jana nilipikia tuzo ambazo mada yake ilikuwa Mwambao. Ukumbi ulipambwa ukapambika, makuti juu, ngalawa ya kweli mlangoni, khanga kila kiti, taarabu inapigwa. Afu menyu niliyoletewa sasa, wali, chipsi, kuku wa kukaanga na matunda, bafe la foleni moja watu mia tatu. Nikauliza jamani mbona chakula hakina hata harufu ya Mwambao, nikajibiwa bajeti imeishia kwenye mapambo, wewe pika tu watu washibe. Hotuba zikachelewa masaa mawili, wali ukakauka, na zile taa za bluu walizomulika kwenye meza zikafanya nyama ionekane ya kijivu kama imelala siku tatu. Mama mmoja mtu mzima alifunua hotipoti, akaangalia, akafunika, akarudi kukaa. Mhariri niliumia, maana chakula kile niliamka saa tisa usiku kukipika.

Ninachosema ni hiki, mpishi aitwe siku ile ile anayoitwa mpambaji. Mgeni ngalawa anaipiga picha mara moja tu basi, lakini chakula anakishika, anakinusa, anakigombania na jirani yake. Hata Marekani kwenye sherehe ya baada ya tuzo za filamu za Oscar, mpishi maarufu Wolfgang Puck amekuwa akipika tangu 1995 na watu mpaka leo wanasimulia zile sanamu ndogo za chokoleti zenye vumbi la dhahabu. Na sisi wala hatuhitaji kwenda mbali, pale Unguja tamasha la filamu la ZIFF linatoa tuzo tangu 1998 na tuzo yake kubwa ni jahazi la dhahabu, ukitoka Ngome Kongwe ukavuka barabara tu uko Forodhani, moshi wa mishkaki unakupokea.

Mwaka huu nikapata waandaaji wanaosikia. Mkaa hauruhusiwi ndani ya ukumbi, basi jiko la mishkaki tukaliweka nje njiani kabisa, mgeni anapita kwenye moshi anapewa kijiti kimoja akisubiri picha. Chetezo cha udi kikakaa mlangoni tu, chakula kilipoanza kutoka tukakitoa, maana udi na samaki havikai pamoja. Mezani vijana wawili wanapita na birika na bakuli kunawisha watu, halafu sinia moja watu sita, pilau, kachumbari, ndizi mbivu, kula kwa mkono. Nilidhani wakubwa watakataa, kumbe ndo walikuwa wa kwanza kukunja mikono ya suti.

Urojo ndo ulinipa kazi. Ukiuchanganya mapema bajia zinalainika zinakuwa uji, kwa hiyo rojo la embe na ndimu likabaki kwenye moto peke yake, bajia, kachori, viazi, chatne ya nazi na pilipili kila kimoja na bakuli lake, mgeni anakuja anachanganyiwa mbele yake anasema ongeza pilipili, punguza ndimu. Watu walikuwa hawatoki pale. Nje niliweka mbuzi mbili za kukunia nazi, meneja mmoja akakaa akakuna nazi nzima, nikaikamua kwenye kifumbu mbele ya macho yake, tui likaenda moja kwa moja kwenye sufuria la pweza, akasimama pale pale kusubiri pweza wake aive. Hilo lakini lifanyike mapema kabla ya ratiba, kelele ya kukuna ikiingia kwenye maiki ni balaa.

Na kitu kimoja nakipenda sana, kurudisha watu kwenye viti kabla ya kutangaza mshindi hatukumtumia emsii kupiga kelele. Wauza kahawa wawili na madele yao walipita katikati ya meza wakigonganisha vikombe, kila aliyekaa akapata kahawa chungu na kashata, ukumbi ukatulia wenyewe.

Gharama haikuzidi ya lile bafe, muhogo, viazi na maembe sio kuku. Kilichozidi ni vikao, tulikaa vinne.

Kwa hiyo waandaaji wa msimu unaokuja, nawaomba kabla hata ya kuzungumza menyu mtupe wapishi ratiba ya hotuba na mtuonyeshe taa zitakaa wapi, tujue bajia ziingie kwenye mafuta saa ngapi.

Mpishi wa shughuli,
Magomeni, Dar es Salaam