Wazee wa milimani nao wafikiriwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusibu wazee tunaoishi milimani hapa Mwanza. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, tunahimizwa tufanye mazoezi na tusijitenge. Ni kweli kabisa. Lakini mzee wa Mabatini, Igogo au Bugarika, kabla hajawafikia wenzake, ana mawe ya kushuka.

Mimi nina miaka 71. Nimeuza dagaa Mwaloni Kirumba tangu nikiwa binti, na mlima huu nimeupanda na debe kichwani. Sasa nashuka kidogo kidogo, mkono mmoja nimeshika uzio wa jirani. Kuna kona moja ambapo maji ya mvua yamekula udongo, jiwe la kukanyagia limebaki halina kitu chini yake. Ukilikanyaga linacheza.

Mwenzangu wa kikoba aliteleza hapo wakati wa masika, akavunjika nyonga. Alitibiwa, akapona, anatembea kwa fimbo. Ila mlima hashuki tena. Hisa yake huletwa na mjukuu, tunaiandika kwenye daftari. Hela zake tunazo, mwenyewe hatunaye, na ndiye aliyekuwa akituchangamsha kuliko wote!

Siku hizi kikao kikiisha, wale ambao magoti bado yanaturuhusu tunapanda kwake. Tunakata viazi vya michembe na kupeana habari za mtaa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono, na kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika mlango. Tunafanya naye sote. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kuzuia kuyumba siku 3 au zaidi kwa wiki, ili wasianguke. Linashauri pia angalau dakika 150 za kutembea au kazi nyingine ya kutoa jasho kidogo kila wiki. Hizo dakika 150 ndizo zinazotaka njia.

Tangu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 tumekuwa tukizungumziwa zaidi upande wa matibabu, nasi tunashukuru. Ila mimi naona bomba la chuma la kushikia njiani lingewaepusha wengi na hospitali. Tunaomba ngazi za zege pale palipoharibika, hilo bomba, na mahali pa kukaa kupumua katikati ya mlima. Mawe tumejaaliwa, vijana wanaoyapasua wapo, na kikoba chetu kimekubaliana kuchangia saruji.

Namwomba mwenyekiti wa mtaa wetu kikao cha jambo hili akiitishe huku juu, si ofisini kwake barabarani, ili na wasioweza kushuka waseme wenyewe.

Muuza dagaa mstaafu,
Mabatini, Mwanza