Cheti unacho, mbona wakili amekuandikia barua?

Wiki iliyopita mteja alitupigia simu amekasirika. Kwa nini tunamtoza pesa ya kupekua jina, yaani kuangalia kama lina mwenyewe, wakati BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, walishampitishia na cheti anacho? Akasema tunamla. Lawama hii haiishi, kwa hiyo tunaijibu.

Cheti chake ni cha jina la biashara. Kinaonyesha nani anafanya biashara kwa jina hilo, basi. Jina linalokaa kwenye bidhaa ni alama ya biashara, nayo ina sheria yake ya mwaka 1986 na daftari lake. Humo, alama inayofanana na ya mwenzako kiasi cha kumchanganya mnunuzi haipiti, na kufanana huko ni kwa macho na kwa sikio pia.

Wengi hukimbilia kubadili herufi. Mama mmoja msaga viungo vya pilau alikuta jina alilolipenda lina mwenyewe. Tuseme lilikuwa Ladhana. Yeye akaandika Radhana, akachapisha lebo 5,000. Sasa mtume mtoto dukani, aseme kupitia nondo za dirisha: "Mangi, naomba Radhana." Mangi atampa ipi? Barua ya wakili ilifika mzigo ukiwa madukani. Tulimkuta mkekani na binti zake wawili wanabandua lebo kwa maji ya moto na kisu, gundi imeng'ang'ania kwenye vichupa. Hela ya lebo zile peke yake ingetulipa sisi mara sita.

Sisi jina tunaliandika kwa kila namna mdomo unavyoweza kulitamka: R na L, S na SH, DH na Z. Alama husajiliwa kwa makundi ya bidhaa. Viungo viko kundi la 30, lakini tunapekua na la 29, maana rafu ya dukani haijui makundi. Hiyo ni kazi ya siku nzima, na ndiyo unayoilipia. Ada ya serikali unailipa mwenyewe kwa control number. Tena ombi la kusajili alama likishatangazwa, yeyote ana siku 60 za kuweka pingamizi. Heri tumjue mapema. Mwenye soko Unguja ajipange upya, kwani Zanzibar usajili ni wa BPRA, wakala wao wenyewe.

Yule wa simu tulimpekulia. Jina lake lina mwenyewe, tofauti ni K na C. Hajachapisha hata lebo moja. Jumatatu analeta majina mengine matatu.