Barua kwa mwanangu anayebeba vyuma

Mwanangu Salimu,

Video yako ya kilo 140 imezunguka genge zima. Vijana wa bodaboda wanaokunywa chai kwangu walishangilia utadhani Coastal Union wamefunga. Mimi nilimwambia Zuhura arudishe nyuma, arudishe tena, niutazame mgongo. Chuma kilipoachana na sakafu tu, kiuno kikapinda kama upinde. Marehemu baba yako alibeba magunia gatini miaka kumi na saba, na makuli wapya alikuwa akiwakaripia hivi: "Mzigo wabebwa na mapaja, mgongo kazi yake kushikilia!" Punguza kilo 20, nyoosha mgongo, kisha nitumie nyingine.

Sasa hiyo hela uliyoniomba ya poda ya protini. Kopo moja, baba, ni faida yangu ya vitumbua ya wiki nzima, na wala hukusema linakaa siku ngapi. Yule nesi anayekula kwangu mchana anasema mtu anayejenga misuli akipata gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili wake, zinamtosha. Wewe una kilo 70, basi ni gramu 112. Tukapiga hesabu nyuma ya karatasi ya maandazi. Mayai manne, 24. Maharage bakuli mbili, 30. Maziwa lita moja, 32. Dagaa wakavu gramu 50, kama konzi mbili za mkono wangu, pale hupungukiwi 30. Jumla 116, na ugali bado hatujaugusa! Hiyo poda yenyewe nayo, kumbe, nyingi inatokana na maziwa.

Halafu unasema lazima unenepe ufike kilo 90 ndipo utaheshimika huko jimu. Nani kakwambia? Zuhura kanisomea habari za Mmarekani mmoja, Lamar Gant. Mwaka 1985 aliinua kilo 300 kutoka sakafuni, na yeye mwenyewe alikuwa na kilo 60. Mara tano ya mwili wake! Tena uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda kwa maradhi. Usije ukanitolea hilo kuwa kisingizio cha kiuno chako.

Na huyo Mwingereza uliyembandika ukutani, Eddie Hall, alipoinua kilo 500 kule Leeds mwaka 2016, damu ilimtoka puani na fahamu zikampotea. Ikapita miaka minne ndipo Hafþór Björnsson wa Iceland akaivuka rekodi ile, kwa kilo moja. Moja, Salimu! Wewe wataka kuongeza kumi kila Jumamosi.

Kula sikukatazi. Nimekuzaa mwembamba, najua unavyoumia wakikuita njiti. Jumatano nitampa kondakta wa basi la Dodoma ndoo yako: dagaa niliowatoa vichwa mwenyewe, karanga za kusaga kilo mbili, na unga wa uji uliochanganywa na soya. Karanga usimalizie kwenye mkate na wenzako wa chumbani. Koroga vijiko viwili kwenye uji wa asubuhi, na kingine usiku kabla hujalala. Mwezi ukiisha jipime, uniambie. Mayai nunua hukohuko, yakipanda basi yatafika chapati.

Ndoo irudi. Ndiyo ninayokandia maandazi.

Mama yako