Barua ya wazi kwa Gavana wa Maine: uchungu hausubiri theluji iondolewe

Mheshimiwa Gavana,

Salaam. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya wengi wetu tuliotoka Kongo, Burundi na Tanzania tukahamia Portland na Lewiston, huku Maine, Marekani. Ofisi yako haitakosa mkalimani. Sisi wa kusini tuna nafuu, hospitali kubwa ziko jirani. Ninaowasemea ni wajawazito wa Aroostook, kule kwenye mashamba ya viazi, mpakani na Kanada.

Hospitali ya Fort Kent, mji wa huko, ilifunga wodi ya wazazi mwaka 2023. Mei 2025 ikafuata Houlton. Mama wa Houlton akishikwa na uchungu sasa inabidi apelekwe Presque Isle, karibu kilomita 70, na Januari barabara za huko ni theluji na barafu. Nilikuwa mkunga Kigoma kabla ya kuja huku, safari za namna hiyo nazijua. Mimba ya kwanza aghalabu hukupa muda. Ya tatu haikupi. Mtoto anazaliwa garini, mama anavuja damu, na aliyeshika usukani ni mumewe.

Tunaambiwa watoto wanaozaliwa ni wachache, jimbo limejaa wazee, wauguzi hawapatikani. Sibishi. Ila gharama ya wodi ya wazazi haipungui kwa kuwa wazazi wamepungua. Hata usiku ambao hakuna aliyelazwa, lazima muuguzi awe zamu, daktari wa upasuaji awe karibu na simu, mtaalamu wa usingizi naye vivyo hivyo, na damu iwepo kwenye jokofu. Bima kwa sehemu kubwa hulipa mtoto akishazaliwa. Zimamoto hatuwalipi kwa hesabu ya nyumba zilizoungua. Tunawalipa wawe tayari. MaineCare, bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo, iko chini ya serikali yako, na unaweza kuanzia hapo: wodi za wazazi za vijijini zilizobaki zilipwe kwa kuwa wazi.

Jambo la pili ni la bei nafuu. Kwetu, baadhi ya hospitali za vijijini zina nyumba ya kungojea: mama anahamia wiki mbili tatu kabla ya kujifungua, anapika na wenzake, mkunga anampitia asubuhi kumpima presha. Ukidhani hayo ni ya Afrika tu, waulize Alaska. Bethel wanayo nyumba hiyo, na wajawazito hufika kwa ndege ndogo kutoka vijiji visivyo na barabara. Presque Isle wapate yao: vyumba vichache, jiko, na nafasi ya watoto wakubwa, maana hapo ndipo akina mama wengi hukwama. Nani atabaki na watoto?

Jibu lako tutalipokea hata likija kwa Kiingereza.

Wako,
Mkunga wa zamani, sasa msaidizi wa wauguzi, Lewiston